Cheche na Nyota ya Mbali

Watu walimwita Cheche, na hawakumsingizia: mwanamke mchomeleaji vyuma, mdomo moto, ngumi moto. Karakana waliachiwa na baba yao, yeye na kaka yake, ambaye kazi hakuipenda ila kuuza alitaka. Mwalimu wa sayansi akaja kuagiza mfano wa nyota moja ya mbali mno, na sayari zake nne za kuizunguka kwa mnyororo wa baiskeli. Sayari ya ndani kabisa, alieleza, haiipi nyota yake kisogo. Uso mmoja unaungua daima.

"Maskini," Cheche akasema, "haina hata shavu la pili la kugeuza."

Shule ikiridhika, kazi nyingine zingefuata, na karakana ingepona. Kaka alilijua hilo. Ndiyo maana alikuja na nyundo.

Pigo la kwanza likaibomoa nyota. Cheche akamrukia, akamng'ata bega mpaka kinywa kikajaa damu. Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawakuionja siku ile. Kaka akamkamata nywele, akambamiza kwenye meza ya chuma, jino likaruka.

"Nauza leo, wewe mtoto, upende usipende!"

"Niue kwanza ndiyo uuze!"

Nyundo ikapanda. Maji yalikuwa yamemfika Cheche shingoni. Akapaza sauti: "Macho!"

Ndivyo mchomeleaji anavyoita kabla ya kuwasha, ili walio karibu wafumbe, maana mwanga ule hupofusha. Baba yao aliwalea na wito huo, na alikuwa akisema anayeuita bure si fundi, ni muuaji. Kaka akafumba. Mtu mzima na ndevu zake, nyundo hewani, akafumba kama alivyofumba utotoni.

Moto haukuwashwa. Cheche alichomoa fimbo ya chuma yenye sayari ya ndani, akamtandika nayo mkono ukavunjika, kisha usoni, kisha tena akiwa chini. Na tusifichane: alifurahi.

Nyota aliiunda upya, shule ikaipokea. Karakana haikuuzwa. Kaka hushinda mlangoni na mkono wake uliopinda. Cheche akiita "Macho!", wapita njia hufumba. Kaka hafumbi. Huukodolea mwanga, machozi yakimtiririka.

"Fumba, kaka yangu. Safari hii ni kweli."

"Hata siku ile uliita."