Tope Tulizoa Sisi

Huku kwetu milimani, juu ya Same, maharage hayasubiri mvua peke yake. Yanasubiri ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya kijito na kuyafungulia mashambani kwa zamu. Tope likijaa, pembe inapigwa, kijiji kizima kinashuka kulizoa. Kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo. Sijawahi kuikosa, hata nikiwa na mimba ya huyu mwanangu.

Na bado sikuwa na zamu. Zamu ni ya nyumba, na nyumba, wanasema, ni mwanamume. Baba wa mtoto wangu alishuka Makanya kutafuta kazi ya kuchimba jasi, akapotelea huko. Nikawa nabeba ndoo, mtoto mgongoni, namwagilia shina moja moja. Jirani yangu anayeshinda kilabuni, maji yanamfuata yenyewe shambani. Maharage yangu yalikuwa yameanza maua. Bila maji wiki ile, kwisha.

Mwenyekiti wa vijana kanisani kwetu ni binti mdogo kwangu, fundi cherehani, mpole hadi unamdharau. Nilimweleza huku namfokea, utadhani yeye ndiye kafunga mlango wa ndiva. Akauliza tu, "Dada, msio na zamu mko wangapi?" Nikadhani anaenda kutuombea kwa Mungu, basi.

Pembe ilipopigwa, vijana walikuja wote na majembe. Wakasimama ukingoni. Hawakuingia.

"Shikamooni wazee," binti akasema. "Tutazoa tope lote. Ila kwanza mama zetu na dada zetu wasio na waume wapewe zamu."

Baba yangu mdogo ndiye msimamizi wa ndiva, na ni mzee wa kanisa pia. "Wewe kazi yako kwaya," akamwambia. "Jumapili tunakuvua huo uongozi. Na sare za kwaya tutampa fundi mwingine."

Sare zile ndizo zinazolisha kwao. Nikaona vijana nyuma yake wanaanza kuangalia chini. Hapo nikapandwa na hasira.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba."

"Tope la mwaka jana nilizoa mimi au mume wangu?"

"Huna mume." Watu wakacheka.

"Sasa nani alizoa?"

Akatazama jua. Nikatupa jembe chini, nikaenda kusimama na binti. Nyuma yangu nikasikia jembe lingine likianguka, halafu jingine. Wajane, mabinti waliozalia nyumbani, mpaka shangazi, dada yake baba mdogo mwenyewe.

"Nivue na mimi," shangazi akamwambia. "Kwaya yenyewe siimbi."

Wakabaki wazee na makarai yao. Baba mdogo akaingia, akazoa karai la kwanza, la pili, akasimama kashika kiuno. Akatazama tope, akatutazama sisi. "Anayezoa apewe zamu," akasema, kama vile wazo ni lake. "Ingieni basi, jua linapanda."

Binti hakuvuliwa kitu. Jumapili alisoma matangazo kama kawaida, nami nilikaa benchi la mbele, namkodolea macho kila mzee aliyekohoa.

Alhamisi maji yakaja. Niliyasikia mferejini kabla sijayaona, yanasukuma majani makavu. Nikakaa chini kwenye tuta. Baba mdogo alikuwa amesimama kule juu kwenye ndiva.

"Ziba huko chini," akaniita. "Yatakimbilia kwa jirani."

Nikaenda kuziba.