Kokoto Niliyoweka Chini ya Jiwe

Sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa, na wala haikuwa usiku. Naanza na hayo kwa sababu kila ninapolisimulia jambo hili lazima atokee mwanaume mmoja wa kuniambia, "Mama Erasto, ulikuwa usingizini wewe." Usingizi gani, saa moja asubuhi, mtoto mgongoni, naenda kliniki? Kama huna nafasi ya kusikiliza, ishia hapa. Ukiendelea, ujue nakueleza kilichonipata mimi mwenyewe.

Sisi watu wa Mbozi hatushtuliwi na mawe. Tuna kimondo chetu kilichoanguka kutoka juu, na watu wanatoka mbali kuja kupiga nacho picha. Kwa hiyo jiwe hili lilipoonekana kilimani, kando ya njia yetu ya kwenda Mlowo, mvua zilipokuwa zinaisha, hakuna aliyekimbia. Lilikuwa refu kuliko mlango, lina pande nne, laini kama sahani. Kila upande maneno yaleyale: Kiswahili, Kinyiha, Kinamwanga, Kibemba. Nani alilisimamisha? Hakuna aliyesikia lori wala nyundo, na nyasi za pale hazikuwa zimekanyagwa. Wengine walisema Wazambia, wengine wazungu, wengine dini mpya. Mwenyekiti wa kijiji alilizunguka mara mbili, akasema yeye hana taarifa nalo, akaenda zake.

Yalikuwa maagizo kwa binadamu wote. Mengi mazuri. Tunzeni chemchemi. Msitoe ushahidi wa uongo. Msimpe uongozi asiyejua aibu. Nani angebisha? Ndiyo maana nasema jiwe lile lilikuwa na akili. Lakini mstari wa tano ndio uliogombanisha watu, kanisani mpaka kilabuni: "Watu wasizidi wanaoweza kulishwa na ardhi. Nyumba moja, watoto wawili. Wanaozidi wapunguzwe."

Wapunguzwe na nani? Halikusema. Na niamini, hakuna aliyeuliza.

Bila kuagizwa na mtu, watu wakaanzisha desturi. Aliyeukubali mstari ule aliokota kokoto, akaiweka chini ya jiwe. Mwezi haukuisha, kokoto zikawa zinafika kifundo cha mguu.

Na mimi niliweka. Sifichi. Shamba la kahawa la baba mkwe limegawanywa kwa ndugu watano. Sisi tulipata mistari minne, na mahindi tunayabana katikati. Tuzo, mtoto wangu wa tatu, alikuja bila kupangwa. Siku hiyo nilikuwa nimegombana na jirani yangu, Mama Jeni, mwenye watoto saba. Kitinda mimba wake, Ombeni, ana miaka minne, na kila mchana yuko jikoni kwangu anasubiri ugali. Nilimwambia mama yake, "Jirani, funga kiwanda." Akanicheka: "Mwenzangu una wivu, kwako kimya kama makaburini." Nikaondoka na hasira, nikaokota kokoto nyeupe mtoni tunapooshea kahawa, nikaiweka pale huku nasema moyoni, kweli kabisa, watu wamezidi. Nilikuwa nawaza watoto wa nani? Unajua mwenyewe.

Sasa hiyo asubuhi. Ilikuwa Juni, ukungu umekaa juu ya mibuni, huoni hatua kumi mbele. Nilipofika kwenye jiwe, kitenge changu kilikuwa kimelowa umande mpaka magotini. Pale alisimama bibi mmoja. Sikumfahamu, lakini mtu mzima ni mtu mzima. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikamwamkia. Akaniitikia kwa Kinyiha cha zamani, kile alichokuwa akiongea bibi yangu, halafu akanyoosha mikono.

"Hebu nimwone mjukuu wangu."

Kwetu mkubwa akikuomba mtoto amshike, humnyimi. Ukimnyima umemwita mchawi. Nikamfungua Tuzo mgongoni, nikampa. Mikono yetu ilipogusana ndipo niliposhtuka. Umewahi kumwona bibi wa Mbozi asiye na sugu? Jembe tunalishika tangu tukiwa watoto. Viganja vyake vilikuwa laini, havina mstari hata mmoja, na baridi yake iliingia mpaka kwenye mfupa. Nikatazama chini. Nguo yake ilikuwa kavu kabisa, katika umande ule.

"Huyu wa ngapi?" akauliza.

"Wa tatu, bibi."

"Jiwe linasema wawili."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa bibi na mjukuu. Yeye hakucheka. Alikuwa anampimapima Tuzo mikononi, kama mnunuzi anavyopima debe la mahindi kabla ya kutaja bei.

"Bibi, naomba mtoto, nachelewa kliniki."

"Rudi nyumbani, mjukuu wangu. Waliobaki watashiba."

Nikamvamia. Ndiyo, nilimvamia mtu mzima. Nilivuta ile mikono, nikaiparua, nikaiuma. Ilikuwa kama kuuma ukingo wa kinu. Tuzo alikuwa ananitazama tu, midomo inakuwa ya bluu, halii. Na yule bibi hakukasirika hata kidogo. Heshima tupu! Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo.

"Uliweka kokoto, hukuweka?" akaniuliza taratibu.

"Niliweka, lakini sikumaanisha wangu!"

"Haya. Ulimaanisha wa nani? Taja, nikupe huyu."

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa huwa naruka nikisimulia mbele za watu. Jina lilikuwa mdomoni. Sikulitafuta, lilikuwa limeshafika lenyewe, limekaa kwenye ulimi: Ombeni. Mtoto niliyempa ugali jana yake. Lilibaki kutamkwa tu, na mimi ningeshuka kliniki na mwanangu, na hakuna ambaye angejua. Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Nilijiona nafungua mdomo. Nikajitupa chini, nikapapasa katikati ya kokoto kwa mikono miwili mpaka nikaiona ile yangu nyeupe. Nikaitia mdomoni, nikaing'ata kwa nguvu mpaka jino likakatika. Ili nisiseme. Kwa kweli sikuwa na mpango mwingine. Nilijua tu kwamba nikibaki na mdomo mtupu nitaliachia lile jina.

Nikasikia Tuzo analia. Alikuwa kwenye nyasi, amelowa. Bibi hakuwapo. Nyasi alipokuwa amesimama zilikuwa zimejaa umande, hazijaguswa.

Kliniki walimpima, uzito uko sawa. Lakini kiganja chake cha kulia hakina mistari. Hata mmoja hakuna. Muuguzi aliinua kadi, akaangalia tena ule mkono, akasema hutokea. Mwezi uliopita mistari ilikuwapo, mimi ndiye ninayemwogesha.

Nilirudi pale na Baba Erasto, jua limewaka. Nilitaka tuzizoe kokoto zote, tukazitupe mtoni. Mume wangu huyo anabeba gunia la kahawa kutoka shambani bila kupumzika. Alishika kokoto moja, ndogo kama punje ya maharage, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Haikuinuka. Akajaribu nyingine. Tangu siku ile hajaniambia nilikuwa usingizini.

Jioni nilikwenda kwa Mama Jeni, nikamweleza yote, hata lile jina. Nilitegemea anipige. Akaendelea kuchambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Na mimi niliweka," akasema.

"Wewe? Mwenye saba? Ulikuwa unamuwaza nani?"

Alimtazama Tuzo mgongoni kwangu. Halafu akasema polepole, "Si ulikuwa unalalamika kila siku, jirani? Kwamba huyu hukumtaka?"

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Ya kwake aliiokota kwa vidole viwili, bila shida. Mimi nilikuwa nimeijaribu kwanza, nikashindwa hata kuitikisa.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi watu wazae hovyo. Mimi nimeweka kijiti cha uzazi wa mpango, kipo hapa mkononi, na muuguzi aliniuliza mimi kwanza, nikakubali mimi. Ardhi haitoshi, hilo naliona kwa macho kila msimu. Lakini jiwe lile halikumwuliza mtu. Lilitusubiri tukubali, na sisi tukakubali haraka, kila mmoja akijua kwamba waliozidi ni wa mwenzake.

Jiwe bado lipo. Kokoto pia zipo, na zinaongezeka. Wenye kuziweka ni watu wazuri, waumini, wenye watoto. Kama na wewe ulipita pale ukaweka yako, sikulaumu, ila nenda ukaichukue. Nenda mwenyewe, maana mtu mwingine hawezi kuiinua. Mtoto mwache nyumbani. Na ukikuta bibi amesimama, mwamkie, ni adabu, lakini mikono yako iwe nyuma na mdomo wako umefungwa.

Ya kwangu iko kwenye kopo la chumvi, na kile kipande cha jino. Kila ninapokasirika na jirani naitoa, naitia mdomoni.