Mwisho Aliousoma Wakesho

Juzi binti yangu alimaliza kitabu cha mwisho cha ule mfululizo wa msichana anayelinda mlango wa mizimu chini ya jiji. Nikamwambia, "Mwishowe anarudi nyumbani, anakaanga njugu na mamake."

"Mum, hakuna njugu humu. Anaufunga mlango, anabaki upande wa pili."

Nikaikumbuka ile alasiri ya utotoni kule Kaloleni. Mabati yalikuwa yakialika kwa jua, na harufu ya njugu za shangazi ilitufikia barazani. Dada yangu Wakesho alinisomea kurasa zile akizitafsiri kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kidole kikifuata mistari, nami nikaamini kitabu kimeandikwa hivyo. Mama alikuwa amelazwa hospitali Wundanyi, na mimi nilikuwa nimegoma kula. Msichana alipomkumbatia mamake, niliomba njugu.

Nikampigia Wakesho simu. "Dada, kumbe ule mwisho ulikuwa wako!"

Akacheka. "Sasa ningekuambia amebaki huko, na vile ulikuwa?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama, akiuliza kwa ukali wake uleule:

"Kwani mimi sikurudi?"