Leseni ya Sauti Yake Mwenyewe

Kabla ya kufungua hoteli ya samaki pale Rangwe, Roselyn Awuor alikuwa mwimbaji. Aliimba na bendi ya Cephas Ogweno, na waliocheza benga enzi hizo wanaikumbuka ile sauti ya kike iliyopanda juu ya gitaa na kukaa huko. Kisha akaota goita shingoni. Alipasuliwa, akapona, lakini sauti haikurudi. Tangu hapo huongea kwa mkwaruzo, na akitaka kumwita mteja aliye mbali hugonga kijiko kwenye sufuria.

Bendi ilishavunjika. Zilibaki nyimbo zilizorekodiwa, nazo alizipiga kwenye redio ya hotelini kutwa. Wateja walizipenda. Wengi hawakujua kwamba ni yeye, naye hakujisumbua kuwaambia.

Maofisa wa mirabaha walikuja saa ya chakula, wameandamana na askari. Mkubwa wao aliitwa Ombui. Aliuliza leseni ya muziki, ile ambayo duka, kinyozi au hoteli hulipia ili kuwapigia wateja nyimbo, wanamuziki nao wapate haki yao. Roselyn hakuwa nayo. Alidhani ni ya mabaa makubwa. Akajieleza kwa shida kwamba anayeimba pale ni yeye.

Ombui akamwangalia, akaizima redio.

"Basi imba, mama. Tusikie kama zinafanana."

Angeweza kukataa. Lakini ilikuwa miaka mingi hajaombwa kuimba, na labda kuna kitu ndani yake kilichoamini. Akajifuta mikono, akafumba macho, akaanza ubeti wa kwanza. Kilichotoka kilikuwa kama bati linaloburutwa kwenye sakafu. Alifika mstari wa pili. Aliyecheka kwanza ni Job, mwenye bucha ya jirani, aliyekula pale kila siku. Wengine nao wakashindwa kujizuia. Askari aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Roselyn alipofumbua macho, hoteli nzima ilikuwa inacheka.

Redio na spika zikapakiwa kwenye gari.

Baadaye alikwenda ofisini kwao Homa Bay. Karani, msichana mpole, alitafuta kwenye kompyuta, akamwambia nyimbo zote zimesajiliwa kwa Cephas: mtunzi ni yeye, mwimbaji ni yeye. Jina la mwanamke halikuwepo. Cephas mwenyewe akikubali, lingeweza kuongezwa.

Cephas anaishi Migori. Alimpokea vizuri, akamwita nyar Gembe, binti wa kutoka Gembe, kama zamani, akamtilia chai. Roselyn hakuomba pesa. Aliomba jina lake liandikwe tu.

"Nikuandike ili iweje?" Cephas akamuuliza, bila hasira. "Wakikuita kwenye sherehe, utaimba na nini?"

Kisha akamsindikiza mpaka stendi na kumlipia nauli.

Hoteli bila muziki ilipoa. Job na wenzake walihamia ng'ambo ya barabara, kwenye televisheni. Roselyn alivumilia kadiri alivyoweza, mwishowe akalipa faini na leseni, akarudishiwa vyombo vyake, spika moja imepasuka. Wateja wakarudi, Job naye, wakataka nyimbo zile zile. Sasa hulipa kila mwaka, na katika anacholipa mna fungu la Cephas.

Mwaka jana Cephas alipita hapo akitoka matangani, akaagiza samaki aina ya ngege wa kukaanga. Wateja walimtambua, wakainuka kumpa mkono. Mmoja akataka kujua ni nani yule mwanamke anayeimba naye. Cephas akasema walikuwa wasichana tu wa studio, walikuwa wengi, hawezi kuwakumbuka wote. Roselyn alikuwa amesimama nyuma yake na sahani. Job akainamia chakula chake.

Roselyn akaweka samaki mezani, akamletea maji ya kunawa. Cephas akamshukuru, akamwomba aongeze sauti ya redio kidogo.

Akaongeza.