Jino Langu na Mbuzi wa Chama

Kanisani walinipa dakika tano za kushuhudia. Nilikuwa bado naeleza jinsi nilivyokuwa nafungua soda, mchungaji akaanzisha pambio ili niketi. Kwa hiyo nimeandika, maana kwenye karatasi hakuna wa kuniimbia. Wewe unayeficha maumivu yako na kuwaambia watu kwamba uko sawa, soma mpaka mwisho. Mimi niliyekuwa nimevimba mpaka shingo ikapotea, leo ninakula ugali, na nimejua kwamba Mungu ni mwema kuliko ndugu zangu wanavyomsema.

Jina langu ni Barasa. Mimi ni dereva wa lori la saruji. Ninapakia Kasese, ninashusha Bwera karibu na mpaka wa Kongo. Nilizaliwa Kasese, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba, kwa sababu baba yangu alitoka Kenya kuja kuchimba. Baba ameshafariki. Ninaishi Bwera na mke wangu Masika, Mkonzo wa milima ya hapa, mwalimu wa shule ya Jumapili, pamoja na mama yangu mzazi. Mama ni mzee, lakini ukimpa mahindi ya kuchoma, anayamaliza kabla hujatafuta pa kukaa.

Kabla ya kuugua nilikuwa na meno ya kujivunia. Nilifungua soda kwa meno. Nilifungua bia za wasiookoka pia, sikuwa na ubaguzi. Nilikaza kamba za turubai kwa meno, nilikata waya kwa meno. Watu wa Bwera waliniita Kifungulio. Kwenye sherehe walikuwa wanavificha vifungulio vya kweli ili niitwe mbele, na mimi niliitika haraka kuliko ninavyoitika mahubiri.

Siku hiyo ilikuwa harusi ya mfanyabiashara mmoja Mkongomani, jirani na soko. Waliniletea soda iliyokuwa imekaa mpaka kizibo kikashika kutu. Nikang'ata. Nikasikia "ka!" Nikadhani chupa imepasuka. Nikaiangalia, chupa ilikuwa nzima.

"Mutu huyu iko na nguvu!" bwana harusi akapiga makofi. "Ongezea yeye ingine!"

Nikafungua nyingine. Nilikuwa natabasamu huku nameza damu na kipande cha gego langu la chini.

Maumivu yalianza taratibu, kisha yakahamia sikioni, kisha kichwani. Niliweka karafuu. Niliweka chumvi. Niliweka pamba iliyolowa waragi, ile pombe kali, na kwa kuwa nimeokoka niliitema, isipokuwa mara nyingine niliyosahau. Masika alikuwa akiniita kwa jina la mtoto wetu na kuniambia kila siku, "Baba Kabugho, nenda hospitali wakakuangalie." Nikawa nasema nitaenda nikishusha mzigo. Ukweli ni kwamba naogopa koleo ya daktari wa meno. Ninashuka mlima na lori lenye breki mbovu bila kutetemeka, lakini ile koleo ndogo inanitoa jasho.

Ufizi ukavimba, ukatoa usaha. Mdomo ukanuka hata mimi mwenyewe nikawa nageuza uso, nisijue nigeukie wapi. Masika alilala ameangalia ukuta. Halafu taya likakaza. Nikawa naweza kupitisha kijiko tu, tena kile kidogo cha chai.

Hapo ndipo baba yangu mdogo, Wanjala, alipokuja kutoka Kasese kuniona. Aliniangalia, akatikisa kichwa, akakaa.

"Hii si ugonjwa," akasema. "Hii ni ile mbuzi."

Niwaeleze habari ya mbuzi. Zamani, wachimbaji waliotoka Kenya walikuwa na chama cha kuzikana. Walikuwa mbali na kwao, kwa hiyo walifuga mbuzi wa pamoja, ili mwenzao akifa ugenini wasikose cha kuwapikia waombolezaji. Mbuzi huyo hakuliwa kwa sababu nyingine yoyote. Baba ndiye aliyekabidhiwa kumtunza. Basi siku moja mbuzi akatoweka, mweupe, mwenye doa jeusi shingoni. Baba akawaambia kwamba chui ameshuka mlimani akamla. Chui huyo hakuonekana na mtu mwingine, hakuacha nyayo, ila aliacha ngozi ya mbuzi imekunjwa vizuri nyuma ya jiko.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Okoth, alikasirika akatamka laana mbele ya watu wote: mdomo uliokula mbuzi wa chama utaoza, na midomo ya watoto wake pia. Tangu siku hiyo baba aliitwa Chui. Alizikwa akiitwa Chui.

"Sasa imefika kwako," akasema baba mdogo. "Lazima tutafute mbuzi ya rangi ile ile, Mzee Okoth akuje atoe maneno yake. Dawa ya hospitali haiwezi."

Ndugu zangu, nilifurahi! Sikuweza kucheka kwa sababu ya taya, lakini moyoni nilicheka. Kosa ni la baba, mimi sina hatia, na hakuna koleo. Nikatikisa kichwa kukubali kabla Masika hajafungua mdomo. Mama alikuwa ameketi pale na bakuli la karanga. Aliinuka, akaenda jikoni.

Baba mdogo akaanza kutafuta mbuzi. Akaenda Maliba, wakampa mweusi. Akapanda mpaka Nyakalengija kwa wale wapagazi wa mlimani, wakamwonyesha mwekundu. Yeye akitafuta rangi, mimi nikazidi kuvimba. Uvimbe ukatoka shavuni ukashuka chini ya kidevu, ukawa mgumu kama kiatu. Ulimi ukainuka, ukawa hauna pa kukaa. Nikawa siwezi kumeza hata mate yangu, yakawa yanatiririka, nikatembea na beseni kama mjamzito mwenye kichefuchefu. Homa ikanipanda. Nikilala chali, pumzi inakata. Nikaanza kuogopa kweli, lakini nikajiambia mbuzi yuko njiani.

Jumamosi mchana mbuzi akafika Bwera, pamoja na baba mdogo na Mzee Okoth. Alikuwa mweupe. Doa jeusi alikuwa nalo pia, ila Masika alilisogelea, akaligusa kwa kidole, akanusa.

"Baba mdogo," akasema, "hii ni oili ya lori."

"Doa ni doa," akasema baba mdogo.

"Huyo Mungu unayesema amekumbuka mbuzi miaka hii yote, hii oili hataiona?"

Majirani wakacheka. Baba mdogo akawanyamazisha, akatangaza kwamba leo tunaondoa dhambi ya marehemu ndugu yake. Mama akaelekea jikoni tena. Masika yeye akaingia ndani, akatoka na Biblia, akasimama mbele ya mbuzi kama askari kwenye kizuizi cha barabarani.

"Ngojeni kwanza. Kuna nabii Ezekieli. Yeye alikuwa na watu waliochukuliwa mbali na kwao, wanateseka ugenini, na kazi yao ilikuwa kulaumu wazee wao. Ajabu ni kwamba hata wao lawama yao ilikuwa ya meno: eti baba wamekula zabibu mbichi, na meno ya watoto ndiyo yametiwa ganzi! Nabii akawaambia Mungu amekataa maneno hayo. Mtoto habebi dhambi ya baba, baba habebi ya mtoto. Kila mutu atajibu yake."

"Na Amri Kumi je?" baba mdogo akaruka. "Si imeandikwa Mungu anapatiliza makosa ya baba mpaka kizazi ya tatu na ya nne?"

"Hiyo ni kazi ya Mungu. Hakusema baba mdogo amsaidie na oili."

Mzee Okoth akasema maneno yaliyotamkwa na mwenyekiti hayawezi kupita bure. Jirani mmoja akauliza kama laana ya Kasese inaweza kufika mpaka Bwera. Wakabishana haki ya Mungu, wote kwa midomo mizima, na mwenye mdomo mbovu nimekaa katikati na beseni, siwezi kusema hata "eee". Nikawa nagonga beseni kila baba mdogo akisema jambo zuri. Nilitaka sana baba awe na hatia. Sikuwa namchukia, nilimpenda baba yangu. Lakini yeye alikuwa ameshakufa, na koleo hawezi kuisikia.

Ndipo Masika akalia. Akafunga kitabu, akasema, "Nabii anasema Mungu hafurahii mtu akifa. Anataka ageuke, aishi. Ninyi mnangoja nini? Mume wangu anakufa hapa, ninyi mnapaka mbuzi rangi!"

Watu wakanyamaza. Na katika ukimya ule wakasikia pumzi yangu. Ilikuwa inakoroma nikiwa macho.

Wakati huo huo akaingia Hajji Sula, mwenye lori letu, kufuata ufunguo.

"Asalaam aleikum. Barasa, funguo iko wapi?" Kisha akaniangalia. "Wee! Na shingo iko wapi?"

Baba mdogo akaanza kumweleza habari ya mbuzi, chama na chui. Hajji akamsikiliza kidogo tu.

"Mzee, hiyo kesi ni ya Mungu. Mungu anaweza ngoja, hii shingo haiwezi. Panda lori, wote!"

Tukapanda. Nilikaa mbele kati ya Hajji na Masika. Nyuma, juu ya mifuko ya saruji, walipanda mama, Mzee Okoth na baba mdogo, ambaye alimpandisha na mbuzi, akasema ni vizuri tujiandae kwa vyote.

Hospitalini tulimkuta daktari wa meno, mwanamke mdogo kwa umri, mkali kwa sauti. Akanimulika mdomoni, uso ukambadilika.

"Hii jino ilivunjika aje?"

Nilijikaza kujibu. Kwa taya lile, baada ya jitihada nyingi, nikatoa maneno haya: "Baba alikula mbuzi."

"Anasema nini huyu?"

Baba mdogo, tayari mlangoni, akamweleza yote. Daktari akachukua koleo, akagusa ukingo wa jino langu.

"Hii jino imevunjwa na chuma. Hiyo mbuzi ya baba yako ilikuwa ya chuma?"

Hajji peke yake ndiye aliyecheka. Masika akamwambia daktari habari ya soda. Daktari akaniangalia machoni. "Baba yako muache apumzike," akasema. "Hapana kutingisha kichwa."

Sindano ya ganzi ikaingia. Akanipasua chini ya kidevu, usaha ukatoka. Ukatoka, ukatoka, harufu ikamfukuza baba mdogo mpaka nje kwa mbuzi wake. Kisha jino likang'oka. Lile nililoliogopa lilikuwa jambo la muda mfupi kuliko pambio la mchungaji. Ulimi ukashuka mahali pake, nikavuta pumzi ndefu, machozi yakanitoka yenyewe. Kupumua ni kitu kitamu, ndugu zangu. Daktari akamwambia Masika, "Mungengoja kesho, mungeniletea maiti." Masika akakaa chini sakafuni.

Nililazwa na dripu na mpira wa kutolea usaha shingoni. Siku nilipoanza kunywa uji, walikuja kuniangalia wote. Mama aliketi kando ya kitanda na hindi lake la kuchoma, akitafuna kra, kra. Baba mdogo akasema tumshukuru Mungu, lakini mbuzi bado achinjwe, maana dhambi ya marehemu iko pale pale.

Mama akaacha kutafuna.

"Shemeji, nyamaza. Ile chui ni mimi."

Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka.

"Nilikuwa na mimba ya huyu Barasa. Mume wangu alikuwa chini ya mgodi. Nilitamani nyama mpaka nikalia. Nikachinja, nikapika, nikala. Yeye hakuonja, alikuta ngozi tu. Akaniambia, wewe nyamaza, wakikujua watakufukuza na tumbo lako. Akaenda kwa watu na hiyo chui yake." Akajifuta macho na ncha ya leso. "Mungu nilimwomba msamaha zamani, na alinisamehe, najua. Watu ndio niliogopa. Hata juzi, mtoto anakufa, niliogopa, nikakimbilia jikoni."

Akamgeukia Mzee Okoth. "Sasa mwenyekiti, mdomo uliokula ni huu." Akaufungua. Meno yote yalikuwa pale, mazima, meupe, na punje ya hindi katikati. "Wewe uliyelaani, onyesha yako."

Mzee Okoth akaziba mdomo kwa mkono. Ndani hamna hata moja. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitetemeka, mpaka akapiga magoti pale sakafuni na kuwaomba msamaha mama na marehemu baba.

Mbuzi tulimchinja nilipotoka hospitali, baada ya Masika kumwosha kwa sabuni. Mzee Okoth mwenyewe alimpa mama paja, mbele ya watu wote, na mama akala bila kukimbilia jikoni. Mimi na Mzee Okoth tulikunywa mchuzi.

Ninamshukuru Mungu, daktari, Hajji na mke wangu. Ushauri wangu ni huu: jino likiuma, nenda hospitali, na soda ifunguliwe kwa kifungulio. Masika amekitundika kimoja ukutani kwa kamba, nisiseme sikukiona.

Mwisho, nilikwenda Kasese kwenye kaburi la baba. Mungu habebeshi mtu dhambi ya mwingine, nabii amesema, nami ninaamini. Baba hakubebeshwa na mtu. Aliibeba mwenyewe, miaka yote, kwa sababu alimpenda mama, na mimi nilikuwa ndani ya tumbo lile. Nikapalilia majani, nikamwambia, "Asante, Chui."