Mdomo wa Konokono, Upande Huu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Mwaka 2012 nilikuwa mpimaji wa maabara Lodwar, mgeni kutoka magharibi mwa Kenya, nikiishi Kanamkemer na binti yangu wa miaka minane. Watu waliniita daktari. Sikuwa daktari, ila sikuwasahihisha, maana jina lenyewe nililipenda.

Jirani yangu, mama wa Kiturkana aliyelima sukuma wiki kando ya mfereji unaotoka mto Turkwel, alikuwa na binti wa rika la wangu. Watoto hao walikuwa chanda na pete. Wakitoka shule, mbio hadi kwenye madimbwi ya mfereji. Siku moja nilichungulia humo nikaona konokono, roho ikanipaa. Wako konokono wanaobeba kichocho, na kichocho kikimwingia mtoto, mtoto hukojoa damu.

Kumzuia mtoto wa Lodwar asiingie majini ni kazi bure. Nikaona heri tujue dimbwi lipi lina konokono wabaya, tulizibe kwa matawi ya miiba kama wanavyoziba mlango wa zizi, na watoto tuwaachie lililo salama. Nikawakusanya akina mama wa mfereji. Kiturkana changu kilianzia ejok, ile salamu yao, na kuishia hapohapo, na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo nilifundisha kwa mikono, jirani akitafsiri.

Nilikaa mchangani, wao wakakaa wamenielekea. Yule mrefu aliyechongoka kama skrubu, mwenye kifuniko mdomoni, mwacheni, hana neno. Yule bapa, aliyejikunja kama kamba iliyoviringwa, dimbwi lake lizibeni. Taabu ilikuwa kwa wale wadogo wa mviringo wenye ncha fupi, maana wapo wa namna mbili na wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Hao ni kumshika mmoja mmoja ncha juu, mdomo wa gamba ukikutazama. Ukiwa upande huu, nikasema nikiinua mkono wa kushoto, huyo ndiye adui. Ukiwa upande ule mwingine, waacheni watoto waoge. Akina mama wote wakainua mkono pamoja nami. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Mwezi haukwisha, nikatumwa Kakuma miezi mitatu kushika zamu ya mwenzangu aliyekwenda kujifungua. Jirani nikamwachia binti yangu na kazi ya konokono, vyote viwili. Kule Kakuma nilipima watu wa kila lugha, na kila aliyekaa kunisikiliza nilimsimulia habari za akina mama wangu wa Lodwar. Binti yangu akanipigia simu kusema wamepewa dimbwi lao, kubwa, na hakuna anayewafukuza. Nilicheka kwa raha.

Nilirudi mapema mwaka 2013. Jirani alinipokea na mkebe wa konokono aliowatoa kwenye dimbwi la watoto, amewaosha na kuwakausha, uso wake umejaa tabasamu. Nikamshika mmoja, ncha juu. Mdomo kushoto. Wa pili, kushoto. Nikamwaga mkebe mzima kwenye mkeka nikawageuza mmoja mmoja, kushoto, kushoto, kushoto. Nikamwita binti yangu nikamuuliza mkojo wake ukoje. Akatazama chini. Akasema mwishoni hutoka mwekundu, na wa mwenzake vilevile, na waliogopa kusema.

Nilipasuka. Akina mama walikuwa wamekuja kunisalimu, na mbele yao nikasimama bega kwa bega na jirani yangu, nikamsukumia konokono hadi puani, nikimwonyesha kwa mkono, huku, huku. Nilimwita mjinga. Nilimwambia ameniulia mtoto. Alitazama konokono, akatazama mkono wangu. Kisha akawashika wale wasichana mikono na kuuliza kama hospitali bado iko wazi.

Mkojo wao niliupima mwenyewe. Mayai yalikuwemo, yale yenye mwiba mkiani, kwa wote wawili. Nilikuwa nimeyaona kwa watoto wa wenzangu miaka mingi, lakini siku hiyo niliyahesabu mara tatu. Wakapewa vidonge. Tulisubiri wiki kadhaa ndipo mkojo ukatoka safi, na muda wote huo sikumsemesha jirani yangu.

Baadaye tuliletewa mpimaji mpya, dada mmoja mchangamfu. Nikamwonyesha konokono walewale, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu. Mdomo ukiwa huku, nikasema, nikainua mkono wa kushoto. Naye akainua wa kulia, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Nikamwomba arudie. Akainua uleule.

Niliacha kazi mezani nikaenda shambani kwa jirani, jua la utosi. Alikuwa aking'oa magugu. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo, langu peke yangu, yeye alifanya vile vile nilivyomfundisha. Hakushangaa. Akasema alijua tangu siku ile ya kelele. Niliposimama kando yake, mkono wangu ulielekea upande mwingine, si ule niliowaonyesha tukiwa tumeelekeana.

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na mkebe. Wiki zote hizo akina mama walikuwa wakimkwepa wakiamini ndiye aliyewaponza watoto, mboga zake zikilala, nami nikipita mlangoni kwake bila salamu. Nikamuuliza mbona hakusema.

Alikung'uta udongo mikononi.

"Daktari," akasema, "wewe unaambiwanga kitu?"

Nilijaribu kukumbuka siku moja tu ambayo alinieleza jambo nikamwacha amalize. Sikuipata.