Mkulima wa Miono Mwenye Kikohozi

Chumba chetu cha mitihani ya vitendo, kule chuoni Dar es Salaam, kilianza kuvuja masika ya mwaka wangu wa tatu. Mwanzoni waliweka ndoo. Baadaye zikawa ndoo nne, na vitanda vikasogezwa ukutani. Siku dari lilipomwangukia mdoli tuliyefundishiwa kuzalisha, uongozi uliamua mtihani ufanyikie Bagamoyo, ambako darasa letu la sayansi ya afya lilikuwa linamalizia mafunzo kwenye vituo vya afya. Ukumbi uliopatikana ulikuwa wa harusi.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, wa Mji Mkongwe, na ukumbi ule niliujua kwa pilau yake. Wenyewe walikataa kuondoa mapambo kwa sababu kesho yake kulikuwa na harusi nyingine. Basi tukafanya mtihani katikati ya vitambaa vya zambarau na maua ya plastiki. Vituo vya mtihani vilitenganishwa kwa mapazia, na kengele hatukuwa nayo, kwa hiyo mlinzi wa ukumbi alipewa sufuria na mwiko wa chuma, akaambiwa agonge kila baada ya dakika nane.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuongea na mgonjwa. Kila kituo kilikuwa na mtu mzima aliyeombwa kuigiza ugonjwa fulani. Alipewa karatasi ya maelezo, akaikariri nyumbani, na kazi yako ilikuwa kumhoji mpaka ujue anaumwa nini. Pembeni alikaa mhadhiri na karatasi ya alama, haruhusiwi kusema neno. Wagonjwa hao walitafutwa na mwenye ukumbi miongoni mwa watu anaowafahamu. Sisi wanafunzi hatukuambiwa ni akina nani.

Sufuria lilipogongwa kwa mara ya nne nilifunua pazia la kituo cha nne, nikamkuta mjomba wangu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha bibi harusi, kile chenye mgongo mrefu wa dhahabu, kwa kuwa viti vya kawaida vilikuwa vimekwisha. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Ana duka la vitambaa, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona mchana bila kanzu iliyopigwa pasi. Siku hiyo alivaa shati lililochanika kwapani na mabuti ya mvua, na mapajani alilaza jembe jipya lenye kibandiko cha duka la vifaa vya ujenzi. Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Kanuni ya mtihani ilikuwa kwamba mgonjwa hatoki kwenye uhusika wake hata kidogo, na mjomba ni mtu wa kanuni.

“Shikamoo baba,” nilisema, maana kama hanijui nisingeweza kumwita mjomba.

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo.”

“Habari za tangu asubuhi?”

“Nzuri.”

“Masomo?”

“Yanaendelea vizuri, namshukuru Mungu.”

“Na mama yako, hajambo?”

“Hajambo.”

“Miguu yake?”

Mhadhiri aliinua kichwa.

“Imepungua kuvimba,” nilisema.

“Alhamdulillahi. Mwambie asisimame sana jikoni.” Kisha akakumbuka alikokuwa, akashika mpini wa jembe. “Mimi ni mkulima kutoka Miono. Nalima mahindi na ufuta.”

Sikulelewa kumkatiza mtu anayenijulia hali, na yeye ndiye aliyenilea hivyo. Nikamwuliza habari za Miono, za mvua, za mahindi. Alijibu yote kwa urefu, ingawa nina hakika Miono alikuwa amepita mara moja tu, akienda kuzika. Zilibaki dakika nne.

“Baba, ni shida gani iliyokuleta leo?”

Alitazama maua ya plastiki. “Mkojo,” alisema.

Mwili mzima uliniwaka. Kwetu mpwa wa kike hamwulizi mjomba wake habari hizo, na mjomba anayejiheshimu hamjibu. Lakini mhadhiri alikuwa na kalamu mkononi.

“Una shida gani na mkojo, baba?”

“Unaniita, nikifika hautoki. Nasimama pale kama nimeahidiana na mtu. Ukitoka ni matone.”

“Hali hii imeanza lini?”

“Kabla ya Ramadhani iliyopita.”

“Usiku unaamka mara ngapi?” Niliuliza huku nikiangalia mabuti.

“Mara tano. Siku nyingine sita. Mke wangu anadhani naamka kuswali tahajudi.”

Hapo nikaacha kuandika. Miezi kadhaa nyuma, mke wa mjomba alikuwa amewasimulia wanawake wa mtaa mzima jinsi mumewe alivyobadilika: usiku kucha anatia udhu, maji yanamwagika mpaka alfajiri. Mama alikuwa akitupigia mfano wake. Watu msikitini walikuwa wakimsogezea nafasi ya mbele.

Nilimtazama usoni, naye akanitazama. Macho hayakuwa ya mkulima wa Miono. Kisha mlinzi akagonga sufuria, ikanibidi niondoke, na sikumwuliza kama kuna damu, wala kama kuna homa, wala jambo lolote katika yale niliyokariri.

Zogo lilianza baada ya mtihani kwisha. Wahadhiri walilinganisha karatasi wakagundua kwamba kwenye mwongozo wao kituo cha nne kilikuwa cha kifua kikuu: mkulima, kikohozi cha wiki tatu, jasho la usiku, kupungua uzito. Wanafunzi wote tuliopita pale tulikuwa tumeandika mkojo, isipokuwa wawili. Hao wawili walikuwa wameshanong’onezwa kwamba kituo hicho ni cha kikohozi, na hawakukubali kupotezwa. Mmoja alimwuliza mjomba mara tatu kama anakohoa. Mara tatu mjomba alikataa. Mwishowe yule kijana akamsihi ajaribu, na mjomba, kwa kumwonea huruma, akakohoa mara moja na kuomba radhi.

Mratibu wa mtihani, mama mmoja mpole aliyekuwa amechoka, alikwenda kumwuliza mjomba karatasi yake iko wapi. Aliitoa mfukoni, imekunjwa vizuri.

“Mzee, hapa pameandikwa kikohozi.”

“Nimepaona.”

“Sasa mbona umewaambia mkojo?”

“Kikohozi ni rahisi,” alisema mjomba. “Nilitaka wajifunze.”

Matokeo yake kituo cha nne kilifutwa na darasa zima likapata sapu, yaani mtihani wa marudio, wa kituo kimoja. Wenzangu walimlaani yule mzee wa jembe njia nzima. Sikumwambia yeyote kwamba ni mjomba wangu, na hilo hata leo silioni kuwa ni ushujaa.

Siku ya pili nilikwenda dukani kwake. Alikuwa amerudi kwenye kanzu yake, anapima kitambaa cha dera. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa stuli. Nilijua nikimwuliza moja kwa moja atasema hana kitu. Tulikaa mpaka mteja alipoondoka.

“Mjomba,” nilisema, “yule mkulima wa Miono anaendeleaje?”

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. “Hajambo kidogo,” alisema. “Lakini usiku bado anateseka.”

“Kuna damu anaiona?”

“Hajaniambia kuwa kuna damu.”

“Homa? Maumivu ya mgongo?”

“Mgongo ni wa uzee tu.”

“Inafaa aende hospitali apimwe. Huenda ni tezi dume, nayo ina dawa. Asiogope.”

“Anaogopa,” alisema mjomba. “Amesikia wanavyopima.”

Nilimweleza wanavyopima. Nilieleza kwa uaminifu, nikimsema mkulima, naye akanisikiliza kwa niaba ya mkulima, na sote wawili tulikuwa tunatazama majora ya vitambaa upande wa pili. Nilipomaliza alisema atampelekea salamu. Nikasema Jumatatu nina nafasi, naweza kumsindikiza huyo mkulima. Alisema atamwuliza.

Jumatatu nilimkuta amesimama nje ya hospitali, amevaa lile shati lililochanika na mabuti yake. Jembe aliliacha nyumbani. Pale mapokezi karani alimwuliza anakaa wapi na anafanya kazi gani. Mjomba alisimama wima, akajibu: Miono, mkulima. Ikaandikwa hivyo. Tabibu alimpima, akasema tezi imekua lakini ni ule ukuaji wa kawaida wa wazee, na majibu ya damu yalipotoka hayakuonyesha dalili ya saratani. Akamwandikia vidonge. Kisha, kwa kuhurumia safari ya kutoka Miono, akaagiza apewe dozi ya miezi mitatu kwa mpigo, asisumbuke na barabara. Nyumba ya mjomba ilikuwa ikionekana kutoka dirishani.

“Mungu akubariki, daktari,” mjomba alimwambia. “Barabara yetu kweli ni mbaya.”

Dawa zilifanya kazi. Baada ya wiki chache mjomba akawa analala mpaka adhana ya alfajiri, na ndipo mke wake alipoingiwa na wasiwasi. Alikuja kwetu, akakaa barazani na mama, akalalamika kwamba mumewe imani imepungua. Haamki tena. Haugusi tena ule udhu wa usiku. Aliniuliza mimi, msomi wa afya, kama vidonge anavyomwona akinywa vinaweza kumtoa mtu katika ibada. Nilisema sijui. Ni jibu ambalo mhadhiri yeyote asingenipa alama kwa ajili yake.

Sapu niliifanya chuoni, baada ya dari kuzibwa. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani asiyenifahamu, alikohoa kama alivyoagizwa, na nilimaliza dakika mbili kabla ya muda. Nilifaulu. Nilitoka pale nikiona aibu kidogo kwa wepesi wa mambo.

Nilipokwenda likizo nilimwambia mjomba amweleze mkewe ukweli. Alikataa, kisha akafikiri, kisha akasema atamweleza kwa njia yake. Siku ya Ijumaa baada ya chakula alimwambia kwamba kuna mkulima mmoja, rafiki yake, wa huko Miono. Mke wa mjomba alimwacha aeleze yote mpaka mwisho, matone na kuamka na vidonge. Halafu akamwuliza kama huyo rafiki yake ana mke.

“Anaye,” alisema mjomba.

“Basi mwambie mke wake amekasirika,” alisema mkewe, akakusanya sahani.

Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alihamishia taa ya umeme kwenye korido ya kuelekea msalani, akampangia vidonge kwenye kikopo pembeni ya kitanda, na tangu hapo yeye ndiye anayemkumbusha kuvinywa.